Mkwe Ndani ya Kabati

Kolwezi, Jumapili

Baba mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima huko Kisenge. Mguu wako unaendeleaje? Sisi hapa tu wazima, ila vumbi la malori halituachi, na Mama anakohoa zaidi kwa hasira kuliko kwa ugonjwa.

Alhamisi akina mama wa parokia, Mama akiwemo, walikwenda kutembelea nyumba ya marehemu Bwana Gaspard, yule mhandisi wa reli aliyekusanya vitu vya kale maisha yake yote, nami nikawasindikiza. Ndiyo, Baba, nyumba ileile ambamo Ntambwe anaongoza wageni. Ntambwe anayetaka kunioa, mkamkataa kabla hamjamwona. Mama alisema kijana anayeshinda na mali ya mzungu aliyekufa hawezi kujua heshima ya kwetu.

Nilitaka Mama amwone tu. Nikasahau kwamba kwetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ntambwe alipoona kilemba cha Mama mlangoni, akatoweka. Niliogopa sana, nikajua Mama atasema hata kusalimu hajui. Mara tukasikia sauti kutoka chumba cha pili, ikieleza vizuri habari za misalaba ya shaba ambayo wazee walitolea mahari. Tukiingia cha pili, sauti inatoka cha tatu. Mama Fidélie, mkubwa wa kikundi, akaamua kuwa ni mashine ya Ulaya, akaiamuru iseme Tshiluba. Ikasema Tshiluba safi, hata ikamuuliza hali ya wajukuu. Akakiri kwamba Wazungu wameendelea.

Chumba cha mwisho, alimokuwa akilala marehemu, kina mlango mmoja tu. Nilijua Ntambwe amekwama, nikaanza kusali. Vyungu, mito ya mbao ya kulalia, mishale, vyote vilielezwa kutoka ndani ya kabati la nguo, kwa sauti ya mtu anayezuia chafya. Chafya nayo ikatoka. Mama Fidélie akataka kulifungua kabati aone mashine imeharibika wapi. Mama akamshika mkono. Kisha akalipa kabati mgongo, akasema polepole:

“Mukwe, mi natoka. Nikisha kupita, na we utoke mu ile armoire, vumbi itakuua.”

Njiani nikamuuliza alijuaje. Akajibu kwamba kijana anayemkimbia mama mtu mzima namna ile ni mwizi au ni mkwe, na mwizi hana subira ya kueleza vyungu.

Sasa, Baba, niungame. Nilimwambia Mama kwamba siku ile Ntambwe hayupo kazini. Ulikuwa uongo, unisamehe, ingawa kusema najuta ungekuwa uongo wa pili. Mama amenituma nikuandikie mimi kwa sababu yeye anaona haya: mlikubaliana kukataa pamoja, naye amemwita mtu mkwe mbele ya parokia nzima. Anasema kama wewe bado unakataa, uje mwenyewe umweleze Mama Fidélie.

Wasalimie Tata Mechack na majirani wote. Mungu akulinde, na akulainishe kidogo.

Ni mimi binti yako, ninayengoja jibu bila usingizi,

Mbelu