Siku Mbili Kutoka London

Jumatatu, 20 Januari

Nimesugua ngazi zote mpaka mlango wa chini. Mapazia yamefuliwa. Seif anaondoka London kesho usiku, Alhamisi jioni yuko hapa Mkunazini. Siku mbili njiani, kama kila mwaka. Leo nimempikia udi wake: sandali, mawaridi, ambari kidogo. Kule hafukizi nguo. Aliniambia mwenyewe, ukiwasha tu, king'ora cha moshi kinalia jengo zima. Mwaka mzima mwanamume hajui harufu ya udi. Maskini mume wangu.

Jumanne, 21 Januari

Zuwena, binti wa Bi Rukia wa nyumba ya pili, amerudi kutoka London. Nimekwenda kumwona. Aliondoka kule jana usiku, akabadilisha ndege mara moja, na leo alasiri yuko kwao anakula muhogo wa nazi. Nikamwambia mume wangu hutumia siku mbili.

"Kwani dada, anakuja kwa miguu?"

Tulicheka sote. Sasa sicheki. Nimetafuta kwenye simu. Kilomita elfu saba na mia nne na ushei. Seif hushukia Dar kwa sababu ya nauli, kisha hupanda boti, lakini boti ni saa mbili tu. Hesabu haifiki siku mbili. Labda husubiri sana huko kati. Labda.

Jumatano, 22 Januari

Jana aliandika kwamba anapanda ndege, simu anaizima mpaka Alhamisi. Leo alasiri nimempigia, sijui kwa nini. Imeita. Imeita mpaka ikakatika yenyewe. Nilipopiga tena, imezimwa.

Simu ya mtu aliye angani haiiti.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Wangu ameirefusha. Boti ya mwisho imeshatia nanga hapa bandarini Malindi, na yeye hamo. Leo analala Dar. Sijui kwa nani. Naogopa kujua.

Alhamisi, 23 Januari

Nimempokea gatini. Amenyoa. Shati limepigwa pasi.

"Safari ndefu, mke wangu. Nshachoka."

"Pole. London mbali."

Nyumbani nimefungua begi kutoa nguo za kufua. Hakuna ya kufua. Zote safi, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi, na kanzu ya juu inanukia udi. Una karafuu ndani yake. Mimi sitii karafuu. Huyo mwanamke anaijua kazi yake, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Namchukia. Yeye Seif bado sijajua nimfanyeje. Amelala, anakoroma kama mtu asiye na deni la mtu.

Ijumaa, 24 Januari

Ameoga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Siku zote mimi huitandika kanzu yake juu ya tenga, chetezo chini yake, ikolee moshi wa udi. Leo chetezo sikukiwasha. Nimempa ile ile, kama ilivyotoka begini.

Ameivaa. Amefunga vifungo. Alipoinua mkono kuvaa kofia, pua ikapita kwenye kanzu, akasita. Akakitazama chetezo. Hakuna kaa, hakuna jivu. Akakaa kitandani.

"Nani kakwambia?"

Nilikuwa sijasema neno.

Adhana imekwisha. Hakutoka. Nimekwenda kuepua wali.