Ukungu Una Mwenyewe

Same Mjini,
Jumapili.

Dada yangu mpendwa Eunike,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kunyamaza miezi minne. Barua yako ya Januari niliipata, na salamu ulizompa jirani yangu Justa alinifikishia, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba hazikufika. Kila nilipokaa kukujibu kulikuwa na jambo moja lililonipasa kukueleza, nami sikutaka kulieleza. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na mimi tukipigiana simu tunaishia kuulizana habari za mvua. Sasa jambo hilo limefika mahali ambapo linaweza kuniondoa katika kazi niliyopewa maktaba, nalo linakuhusu wewe kuliko linavyonihusu mimi. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata ukichoka.

Goti lako linaendeleaje? Natumaini umeacha kubeba majani ya ng'ombe ukipandisha ule mteremko, ingawa nakufahamu. Mimi sijambo. Daktari aliniambia nipunguze chumvi, nimepunguza. Aliniambia pia nipunguze hasira. Hilo bado tunalizungumza.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba tangu nilipostaafu ualimu ninajitolea katika maktaba ya umma hapa mjini. Mkutubi wetu, Bi Husna, ni kijana wa umri wa binti zangu, mwenye heshima na asiyechoka. Ameandaa ratiba mpya itakayoanza mwezi ujao. Jumamosi saa tatu asubuhi ni hadithi kwa watoto wadogo, na baada yao wale wa darasa la tano na kuendelea watashindana kusoma kwa sauti. Jumanne vijana watafundishwa kuandika maombi ya kazi kwa kompyuta. Jumatano ni darasa la watu wazima wasiojua kusoma, ambalo limekwisha kuanza, nami ndiye mwalimu wao. Kwanza nililiweka darasa hilo saa kumi jioni, kwa sababu ndivyo madarasa ya watu wazima yalivyokuwa siku zote. Wiki mbili nilikaa na chaki yangu, hakuja mtu. Ndipo Bi Husna aliponieleza kwa upole kwamba wanaolihitaji zaidi ni akina mama wa Kimaasai wanaoleta maziwa mjini asubuhi, na saa kumi wameshafika makwao. Nikalihamishia saa nne asubuhi. Sasa wako kumi na wanane, na madumu yao matupu yamepangwa mlangoni kwa mstari mzuri kuliko walivyopata kujipanga wanafunzi wangu wa shuleni.

Katika maandalizi hayo, Bi Husna alitaka hadithi za kwetu. Alisema vitabu vya watoto alivyonavyo vimejaa theluji na dubu, na watoto wa Same wanajua theluji kwa kuitazama Kilimanjaro tu. Aliniuliza kama sina hadithi ya kwetu Ugweno. Nikamwandikia ile ya binti aliyebeba ukungu kwenye tenga, akaufunika kwa majani ya mgomba, akashuka nao mpaka sokoni Kifaru kuwauzia watu wa nyika ili wapate kupoa.

Najua umesita hapo. Endelea kusoma, dada.

Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika chanzo. Niliandika kwamba ni simulizi ya wazee wa Ugweno. Niliwasomea watoto kwa majaribio, na sijawahi kuona watoto wakitulia namna ile bila kutishwa. Wiki iliyofuata walirudi na wenzao. Bi Husna, ambaye hufanya kazi yake sawasawa, akawauliza wazee watatu wa Ugweno wanaoishi hapa mjini, na wote wakasema hawajapata kuisikia. Akanijia akicheka, akasema kwamba amenikamata: hadithi nimeitunga mwenyewe, na unyenyekevu umenizuia kusema. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Nilifunga kitabu cha mahudhurio, nikasema kwamba darasa linaningoja.

Kwa kunyamaza kule, jina langu likaandikwa. Tangazo limebandikwa stendi, kwenye zahanati na kwenye mlango wa maktaba, likisema kwamba siku ya ufunguzi watoto wataigiza "Binti na Ukungu", hadithi iliyotungwa na Mwalimu Tumainieli. Kijitabu chake kiko tayari kwenda kuchapwa. Watu wananisimamisha njiani kunipongeza, nami ninasema asante.

Aliyenishika ni mwanafunzi wangu, mama mmoja aitwaye Naserian, mwenye wajukuu tisa na ulimi usiolala. Jumatano iliyopita tulisoma ukurasa wa kwanza wa hadithi hiyo darasani. Alipomaliza mstari wake, aliniuliza ni ya ukoo gani. Nikamjibu kwamba hadithi za namna hiyo hazina mwenyewe. Wenzake wakaguna. Naserian akasema kwamba kwao ng'ombe hupigwa alama ya ukoo, na akionekana asiye na alama, watu huuliza kila boma kabla ya kumgusa. Kisha akaniambia, mbele ya darasa zima: "Mwalimu, anayewahi kusema ng'ombe huyu hana mwenyewe, mtazame vizuri, kamba anayo mkononi." Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Nami nilicheka, kwa sababu aliyesema hakujua alichokisema. Lakini nilimaliza kipindi kabla ya wakati, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka thelathini na minne ya kazi.

Dada, sasa nalisema. Ile si simulizi ya wazee, wala mimi sikuitunga. Uliitunga wewe, ukiwa na miaka kumi na miwili, tulipokuwa tukikaa kwenye ukingo wa bwawa letu la ndiva asubuhi kungoja zamu yetu ya maji ya shamba. Nilikuwapo. Siku ya kwanza binti alifika Kifaru, akafunua tenga, akakuta ni tupu, na wachuuzi wakamcheka. Nililia. Kesho yake uliubadilisha mwisho mbele yangu: wanawake wa nyika wakachukua yale majani ya mgomba yaliyolowa, wakajifuta nyuso, wakamwomba arudi tena. Hakuna mzee aliyekupa maneno hayo. Mwaka ule ule baba aliamua kwamba mmoja wetu aache shule ili zamu za maji zisitupite, na wewe ukasema utaacha wewe. Mimi nikaenda kujifunza kuandika, na nilichokuja kuandika ni chako. Nimewachapa watoto wa watu kwa kunakili kazi ya jirani. Zaidi ya hayo, mwishoni niliongeza funzo kuhusu utii. Watoto wanapoigiza huliruka.

Siku ya pili baada ya kipindi kile nilimweleza Bi Husna yote. Akaniuliza kama bado uko hai. Nilipomwambia kwamba u hai na una goti bovu, alipiga simu kwa mchapaji kusimamisha kazi. Kamati ya maktaba itakaa Ijumaa ijayo. Inaweza kuiondoa hadithi, inaweza kuweka jina lako, na inaweza kuona kwamba mtu wa namna yangu hafai kusimama mbele ya wasomaji wake. Naogopa hilo la mwisho, sitakuficha. Nimelizoea darasa lile. Lakini nimewaandikia kwamba wasiamue lolote juu ya hadithi mpaka wasikie kutoka kwako.

Anayekuletea barua hii ni Justa, naye atalala kwako Jumatatu. Mpe jibu lako, la mdomo au la karatasi. Ukikataa isisomwe, haitasomwa, nami nitayabandua matangazo kwa mkono wangu. Ukikubali, funzo langu nitalifuta. Msamaha siuombi kwa karatasi. Nitapanda huko kwako Kighare kuuomba nikiwa nimesimama mbele yako.

Wasalimie watoto na wajukuu, na majirani wote wanaoniulizia. Ijumaa kamati ikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na kama imeamua kuniondoa, hilo ndilo litakalokuwa sentensi ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Tumainieli