Swali la Baba

Nairobi

Kaka Ouma,

Hapo nyumbani Kaloleni mmeamkaje? Mguu wa Mama umepoa, au bado anauburuta? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Bado napiga deki kwenye hospitali ya kansa. Wakongwe wa hapa husema ilianza na wodi moja tu, watu wakiiogopa kama kaburi. Siku hizi wagonjwa hutoka kila pembe ya nchi, na watu wetu wa ziwani hufika wamechelewa kabisa, maana huko kwetu hakuna mashine ya kuchoma uvimbe.

Juzi aliletwa mzee wa Nyalenda, huko huko kwetu. Chakula hakipiti, hata maji yanamrudi. Nilipomsikia akikohoa, niliangusha ndoo. Kaka, ilikuwa sauti ya Baba, ile ile.

Wanawe walikuwa wamemzuia mke wake mdogo mlangoni. "Huyu ndiye aliyemlisha kitu," mkubwa wao akasema.

Daktari aliinua picha ya eksirei. "Hii ni kansa ya koo. Imemea humu polepole. Hakuna mtu aliyemlisha kitu."

"Basi mtibu!"

"Mngemleta mapema ningejaribu. Sasa nitampunguzia maumivu tu."

Yule mwana mkubwa akaenda mlangoni. "Mama, ingia."

Yule mke mdogo akamshika mzee mkono. Mzee akanong'ona kwa Dholuo, "Ulikuwa wapi?" Mkewe akalia. Kesho yake mzee alifariki, mkewe akiwa bado amemshika.

Baba naye, koo lake likiwa limeziba hivyo hivyo, aliuliza, "Yuko wapi?" Wewe ulikuwa umetoka kuita wazee, mimi nilikuwa kando yake. Alimuulizia Mama Mdogo, mke wake wa pili, nasi tulikuwa tumeshamfukuza tukimwita mchawi. Sasa kila nikiingia wodini namsikia Baba akiuliza.

Nasikia Mama Mdogo bado yuko sokoni Otonglo, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Nenda, Kaka, usitume mtu. Mwambie alivyosema daktari. Mwombe msamaha mbele ya watu, kwa sababu tulimtukana mbele ya watu. Akikataa kurudi, mpeleke hata kaburini tu, alie kama mjane. Siku ya mazishi tulimnyima nafasi hiyo.

Msomee Mama haya yote, hata akikasirika. Nisalimie wifi yangu na mtoto, na mjomba wetu fundi wa baiskeli.

Niandikie kwamba umeenda. Labda hapo Baba atanyamaza.

Dada yako,
Atieno