Nyota ya Bahari Haiko Nyota ya Mama

Mutoto wangu Chantal,

Ni miye, mama yako. Kuandika nilijifunza kidogo tu, makosa utakayoona uyapite. Nakuandikia juu haushikake tena telefone yangu.

Unakumbuka vile ulinielezea masomo yako ya kule Bulaya? Ulisema unasoma bidudu binaishi ndani ya étoile de mer. Miye nikasikia mère, mama. Nikaenda kujisifu ku bamama ba kanisa: mutoto wangu anasoma nyota ya Mama. Mama Jeanne akasema, "Ni Bikira Maria. Huyu ataingia ku bamasœur, bamasista ba kanisa." Ulipokuja vakansi, bote banakusalimia "masœur" pa mulango wa kanisa. Ulicheka mpaka ukaikala chini na nguo yako ya Jumapili.

"Mer, mama. Bahari. Ni nyama ya bahari, iko na mikono sawa nyota."

Kisha tukiwa tunapara samaki, ukanionesha picha. Nyota imepasuliwa, na mule ndani ule mududu, kintu cha matawi matawi, sawa muzizi ya muhogo. Ukasema ni ndugu ya krevete, bale bakamba ba bahari.

"Na miguu yake?"

"Ikishakomaa haina, mama. Inakulaka tu mule ndani."

"Nyota inakufa?"

"Hapana, inatembea. Lakini kuzaa inaweza kushindwa."

Nikasema, masikini, inajua kama kuko muntu ndani? Ukanipiga na mukia wa samaki. "Mama, haiko muntu."

Sasa ile Jumapili nilikuambia ku telefone magoti inauma, nimeacha kwenda ku soko kuuzisha samaki ya kulipa masomo yako. Halafu ukasema, "Miye njo ule mududu, mama. Nakukulaka ndani." Ukakata. Dada yako ananiambia unataka kuacha masomo, utafute kazi ya kufagia. Tangu pale kila ndege ya kiwanja cha Luano ikipita hapa juu ya Naviundu, natoka inje kuangalia, sawa nitakuona mu dirisha.

Chantal, sikia. Ile nyota, nani aliiuliza? Hakuna. Mududu iliingia tu. Miye baba yako aliniuliza, tukiwa tumeikala pa barza: tumuache mutoto aende Bulaya? Nikasema aende. Ni mudomo yangu ilisema. Na weye mu tumbo yangu haukukawia, ulitoka na kelele mpaka muzalishaji akafunga masikio. Magoti iliniuma mbele haujazaliwa, juu ya kubeba mabeseni ya samaki, uliza baba yako.

Kama masomo imekuchokesha, rudia ku nyumba, nitapika bukari na samaki. Lakini kama unaacha juu yangu, hapo utanikula kweli.

Piga tu. Hata nikiwa ku misa, padri anahubiri, nitashika mbele ya bantu bote.

Mama yako, mwenye kukuzaa