Dakika Sita za Mashoto

Naliendele, Mtwara
Jumatano asubuhi

Ndugu yangu Nassoro,

Kosa wanalofanya wengi wakitazama filamu ya zamani ni kuuamini mkono wanaouona. Nitalieleza jambo hilo kwa utaratibu, maana miaka thelathini na minne ya ualimu hainiruhusu kuruka hatua, lakini kwanza salamu. Asalaam aleikum, wewe na wote wa nyumbani hapo Ziwani. Macho yanaendeleaje? Ile dawa ya matone bado unaiweka, au umeanza tena kusema inawasha? Na mikorosho, imeshatoa maua? Sisi huku hatujambo. Lucy wangu mgongo unamsumbua, ila ulimi wake mzima. Anakusalimu sana.

Najua Farida ndiye anayekusomea. Farida mwanangu, soma pole pole, na ukifika mahali utakapoona haya kwa ajili yangu, usiruke. Nimeandika na kumtuma Elisha badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekuulizeni habari za mihogo mpaka salio liishe.

Nitaanza na siku ile ya wiki tatu zilizopita. Ulikuwepo, lakini nataka kila kitu kikae kwenye karatasi kama kilivyotokea. Rebeka, yule binti anayekusanya picha za zamani kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi, alituita mjini kwa sababu wanamuziki wa Chuno Jazz tuliobaki hai ni mimi na wewe. Alituwekea kwanza filamu za wapigaji wakubwa wa jazi na bluzi wa Marekani, zilizopigwa ukumbini watu wakiwa wamejaa. Wewe ulisikiliza huku ukitikisa kichwa, ukasema yule mzee wa bluzi analia kama mtu aliyeibiwa baiskeli, na chumba kizima kikacheka. Mimi nilikuwa natazama. Niliona kwamba kamera ina upendeleo. Mpiga tarumbeta alionyeshwa mpaka jasho lake la mdomoni, na nyuma yake alikuwepo mtu wa gitaa la kati, kichwa ameinamisha, nusu yuko gizani. Nilimtazama huyo mpaka mwisho. Nilitamani mpiga picha amgeukie mara moja tu. Hakumgeukia.

Kisha ikaja ya kwetu, ya Saba Saba mwaka 1974. Rebeka aliuliza kwa nini tulijiita jazi na muziki wetu ni wa dansi. Nikamweleza kwamba enzi zile bendi yoyote yenye magitaa na tarumbeta ilijiita jazi, iwe imewahi kuisikia jazi ya Marekani au haijawahi. Akatwambia pia kwamba utepe wa sauti ulipotea zamani, imebaki picha peke yake. Laiti sauti ingekuwepo, ungejitambua kabla Rebeka hajakaa kitini.

Filamu ni ya dakika sita, na karibu zote ni za mtu mmoja wa gitaa la solo. Amevaa kofia, uso ameuelekeza kwenye shingo ya gitaa, na filamu yenyewe imechakaa. Vijana wa bendi sote tulikuwa wembamba, sote na shati moja la njano. Ukamuuliza Farida kama ni wewe. Farida akasogea karibu na kioo cha kuonyeshea filamu, akasema, baba, huyu anapiga kwa mkono wa kulia. Ukacheka. Ukasema basi si mimi, mimi hata marehemu mama alinichapa kwa kula kwa mkono wa kushoto na bado nikashindikana. Mji mzima ulikuita Mashoto, na hilo Rebeka alikuwa ameshaambiwa na kila mzee aliyemhoji.

Kisha ukanigeukia. Ulisema, Mwalimu, wewe una macho na miwani juu yake, hebu tuambie ni nani huyo.

Nikasema ni mimi.

Ukajipiga kofi mguuni. Mwalimu na solo wapi na wapi, ulisema, siku hiyo ulikula nini? Watu wakacheka tena, na kicheko kile kikaniingia mahali ambapo vicheko vyako vimekuwa vikiniingia kwa miaka hamsini. Nikasema kwamba siku ile ulikuwa na homa, ukaniachia solo kwa wimbo mmoja. Ukasema miaka hamsini, nani anakumbuka homa, kama Mwalimu amesema basi ndivyo. Rebeka akaandika. Akauliza yule wa pembeni ni nani, maana pembeni mwa picha kuna kiwiko kinachoingia na kutoka, basi, kiwiko tu. Nikamwambia hicho ni cha Nassoro.

Sasa nikueleze habari za filamu. Utepe wa filamu una pande mbili, na unapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Ukiupitisha kwenye mashine kwa upande usio wake, picha haiharibiki, inageuka tu: kulia kunakuwa kushoto na kushoto kulia, kama unaposhika karatasi juani ukaisoma kwa nyuma. Kwenye maandishi utagundua mara moja. Katika filamu yetu hakuna andishi hata moja. Lakini kuna mashati. Fundi Mathayo ndiye aliyetushonea, na yeye, kama fundi yeyote, aliweka mfuko upande wa moyo. Katika filamu ile, mfuko wa shati uko upande wa kulia wa aliyelivaa.

Niliuona mfuko huo kabla Farida hajasogea kwenye kioo. Nilijua kwamba picha imegeuzwa. Nilijua kwamba mkono unaoonekana wa kulia ni wa kushoto, na kwamba katika Mtwara yote mtu mmoja tu alipiga gitaa kwa mkono huo. Dakika sita zote ni zako, Nassoro. Kiwiko ndicho mimi. Na homa haikuwepo. Siku ile ulikuwa mzima kama ng'ombe.

Unaweza kuniuliza kwa nini. Nimejiuliza nikiwa na kalamu mkononi, na jibu ni fupi kuliko nilivyotaka: wivu. Mimi ndiye niliyekushikisha gitaa mara ya kwanza. Uliligeuza juu chini, nyuzi nene zikaja chini, nikakwambia hakuna binadamu anayepiga hivyo. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nakufuata. Wimbo uliotutambulisha niliutunga mimi, maneno na mpangilio, kwenye daftari la kuandalia masomo. Watu wakauita wimbo wa Mashoto. Nimefundisha watoto wa wilaya hii mpaka wajukuu wao, na bado mtu akijua kwamba nilikuwa Chuno Jazz, swali lake la kwanza ni kama nilimjua Mashoto. Lucy akichagua mchele jikoni huimba kwa mdomo sehemu yako ya solo. Hajawahi kuimba sehemu yangu. Nilimwuliza siku moja kwa nini, akasema ya kwako si ya kuimba, ni ya kuwapo tu. Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana iliuma.

Basi tangu siku ile nimeishi wiki tatu tamu. Rebeka alimwambia mwenzake, mwenzake akasema kanisani, na sasa nikipita dukani kwa Gaudensi ananiita Mzee wa Solo na kunitolea kiti. Mjukuu wangu Elisha ameomba nimwonyeshe vidole vilivyopiga solo ile. Nikamwonyesha. Naandika haya kwa aibu, lakini sitaki udhani kwamba nilikuwa silali. Nililala vizuri sana.

Kilichonivuruga ni Farida, alipokuja Ijumaa na mfuko wa korosho ulizonitumia. Alinipa ujumbe wako: kwamba umefurahi angalau Mwalimu ameonekana, maana alikuwa nyuma siku zote. Nilicheka, nikamshukuru. Kisha akiwa anavaa viatu akasema, si kwa kulalamika, kwamba baba alikuwa na tumaini moja tu. Vidole vyake sasa vinatetemeka, na gitaa aliliuza wakati wa ugonjwa wa mama. Wajukuu wanasikia tu watu wakimwita Mashoto na wanadhani ni jina la utani la mtu asiyejua kula. Alitumaini filamu ile iwaonyeshe. Sasa, alisema, amewaambia wasiende Jumamosi, hakuna cha kuona.

Nimekwenda kwa Rebeka mara mbili tangu siku hiyo ili nimwambie. Mara ya kwanza niliishia mlangoni. Mara ya pili niliingia, akasimama, akasema karibu mzee wetu wa solo, akaniletea soda, akaniomba nizungumze mbele ya watu siku ya maonyesho. Nikanywa soda ile mpaka mwisho. Nikakubali kuzungumza. Nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo usinitegemee. Nakwambia hivi kwa kuwa najijua: hata sasa, ninapoandika kwamba dakika zile ni zako, kuna kitu ndani yangu kinachotafuta angalau dakika moja ya kubakiza. Sikuombi unisamehe kabla wivu wenyewe haujaisha. Ingekuwa kukudanganya mara ya pili. Rebeka anatuma nakala ya filamu na majina kwenye hifadhi ya Dar es Salaam kesho asubuhi ili yabandikwe, na baada ya hapo yatabaki hivyo kwa watakaokuja kuitazama sisi tukiwa hatupo. Yeye ni mtu makini, hatabadilisha jina kwa uvumi. Lakini karatasi yenye mwandiko wangu na sahihi yangu ataiamini, na akitilia shaka, autazame mfuko wa shati.

Nisalimie wajukuu wote, na jirani yako Sudi, na dada yako Tatu akija kutoka Nanyamba. Mungu akupe afya, na Jumamosi ukae kiti cha mbele hata kama huoni. Mimi nitakuja. Nitakaa nitakapowekwa.

Ni mimi mwenzako wa siku zote,
Mwalimu Fredi
(gitaa la kati, Chuno Jazz)

Farida: barua hii mpelekee Rebeka leo, kabla hajafunga ofisi.