Vua Ufunguo Shingoni, Mama Neema

Mama Neema, muke wangu,

Nakusalimu, weye na kikohozi chako. Kama bado kinakusumbua, acha kusingizia vumbi ya karatasi zangu. Minye niko muzima. Meno tatu iliyobaki inatetemeka na baridi ya Ulaya, lakini bado inauma nyama.

Hii kongre ya arshive, mukutano wa walinzi wa karatasi za zamani, ni ajabu. Tumekaa wakubwa wa karatasi wa dunia nzima, kila mutu amebandikwa jina kama ng'ombe ya kuuzwa. Karatasi za hapa zinalala mu chumba yenye baridi, zinapimwa joto kama wagonjwa wa hospitali ya Lemera. Niliwaambia zetu za Uvira zinapimwa na mchwa. Wakaandika. Sikuwaambia kwamba nilikuwa planton, tarishi wa kufungua mulango tu, na kwamba Wazungu walipokimbia nikabaki mukubwa kwa sababu ufunguo wa nyumba ya karatasi ulikuwa shingoni mwangu.

Sasa barua yako. Imenifikia juzi, imepitia Usumbura. Unajivuna kwamba tangu nikuachie ule ufunguo unauvaa kama nilivyouvaa, sokoni na kanisani, na watu wanakupisha njia. Nilicheka peke yangu: muke wangu amekuwa askofu. Halafu nikafika pale unaposema vijana wawili usiowajua walikuja kwenye meza yako, wakauliza bei ya samaki, ile ndagala yako, wakauliza ufunguo ni wa nyumba gani, wakauliza kama unalala nao shingoni. Wakaenda bila kununua. Weye umeiandika kama mchezo.

Nikamusimulia mzee mumoja wa Algeria ninayekula naye. Nilitaka acheke. Akaweka kijiko chini.

"Kwetu pia zilikuwepo karatasi za kodi na za polisi," akasema. "Waliozitaka hawakuhangaika na mulango. Walimutafuta mwenye ufunguo."

Jana redio ya hoteli imesema vita imefika Makobola. Mama Neema, watu wa Makobola wanakuja kwa miguu kuuza muhogo kando yako. Na mu ile nyumba yangu ya karatasi iko majina ya waliochapwa fimbo za kodi, na ya waliowashitaki. Askari wa serikali wanayataka wajue nani wa kukamata. Vijana wa porini wanataka kuyachoma, pamoja na mutu yeyote wa biro ya serikali. Wote njia yao inapita kifuani mwako.

Maprofesa hapa wanafundisha kwamba mulinzi haachi karatasi zake. Wanafundisha wakiwa wameshiba. Minye nakuambia: vua ule ufunguo. Uuache mu kufuli, mchana, watu wakiona, na mulango ubaki wazi. Utangaze sokoni, kwa ile sauti unayonitukania, kwamba nyumba iko wazi na weye hauna kitu. Halafu panda Lemera kwa dada yako. Usingoje ndagala ikauke. Usiningoje.

Umenikatalia mengi tangu nikuoe, na mara nyingi ulikuwa na haki. Hii moja unikubalie.

Salimu kaka yangu mukubwa na miguu yake ya kuvimba, mama yako anayenichukia, na muchungaji anayeniombea bule. Lakini hizi salamu usizipeleke nyumba kwa nyumba. Wao watanisamehe.

Kama unasoma hapa ukiwa bado Uvira, umesoma ya kutosha. Simama, uende.

Ni minye bwana yako,
Baba Neema