Yaya, Jumatatu Wanafunga Ukurasa Wetu

Yaya wangu Nabintu, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Ninakuandikia kwenye ukurasa wetu, humu humu maktaba ya Kamembe, kwenye ile mashine ya kompyuta ya dirishani uliyoipenda. Leo naiacha barua wazi, kila muntu aione, sababu nimeshindwa. Kuanzia Jumatatu mitandao ya kijamii itafungwa kwenye mashine zote za hapa. Batoto ba masomo banakosa nafasi, ndivyo wanavyosema. Na simu yangu ni ile ya tochi, unaijua, kazi yake kupiga tu. Ikifungwa hii, nitakutafutia wapi?

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulivuka mpaka kutoka Bukavu na beseni la sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa, kichwani, ukaniambia, "Furaha, kuko enternete ya bure pa bibliyoteke, twende!" Papa Silasi anayesimamia maktaba akatuzuia mlangoni. Beseni likabaki nje, tukanawa mikono, na bado tulinuka samaki. Ulipoona picha ya sambaza kama wetu imetokea kwenye kioo, ukapiga kelele mpaka wanafunzi wakageuka.

"Maman, hapa ni pa kusoma," Papa Silasi akasema.

"Na siye tunasoma, Papa. Tunasoma bantu!"

Weeh, nilicheka mpaka machozi. Hata yeye alijificha nyuma ya gazeti, mabega yakimtikisika.

Siku ile tulifungua ukurasa mmoja wa watu wawili, kama tulivyozoea sufuria moja na kitanda kimoja kwa Mama. Nani angetuambia kwamba kila muntu anakuwa na wake? Sasa ona. Nikikuandikia ujumbe, ninajiandikia mwenyewe. Jina la anayetuma na la anayetumiwa ni lile lile. Tangu risasi zilipolia kwenu na namba yako ikazimika, ninakuja hapa kila nikitoka sokoni, ninaandika, "Yaya, uko?" Nikirudi ninakuta "Yaya, uko?" yangu mwenyewe inanitazama. Wateja wanauliza kama sambaza ziko. Ninawauliza kama wamemwona dada yangu.

Na nimekukasirikia, nikuambie ukweli. Nilikuomba ulale kwangu siku ile ya risasi. Ukasema nyumba haiwezi kulala peke yake. Nyumba! Ingelala peke yake, ingekufa? Ninaogopa, Yaya.

Nimemwomba Papa Silasi aniachie hata mashine moja. Nilimshika mkono mbele ya bantu, nikalia bila haya.

"Maman Furaha, amri si yangu," akasema, macho chini. "Lakini leo sitakuhesabia saa. Andika mpaka tufunge."

Basi ninaandika. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kabla ya mashine tulikuwa na kitenge cha njano, umesahau? Tulikikata katikati, nusu yako, nusu yangu. Nyumba yako ya Nguba, huko Bukavu, iko kando ya ziwa, na mimi nikishuka majini upande huu ninaiona. Ukianika nusu yako kwenye kamba, maana yake: niko, njoo. Nami ninabeba beseni, ninavuka. Kamba ikiwa tupu, ninabaki nyumbani. Tulipopata ukurasa ukaikunja nusu yako, ukasema, "Tuache mambo ya zamani, Furaha. Siye sasa ni bantu ba mashine." Tukaacha kweli.

Siku hizi ninashuka majini kila asubuhi kabla ya soko. Kamba yako iko tupu. Hata nguo moja haipo.

Papa Silasi ameanza kufunga madirisha. Anafunga polepole, ninajua ni kwa ajili yangu.

Yaya, usinijibu hapa, sitaona. Na wewe unayesoma huko ng'ambo, kama unamjua Nabintu muuza sambaza, mrefu, mwenye kicheko cha kugeuza watu, usinijibu hapa wewe pia. Mtafute umwambie. Mwambie asihangaike na mashine wala namba. Nusu yangu nimeianika tangu asubuhi, kwenye ua unaotazama ziwa, na hata mvua ikinyesha siitoi.

Kwaheri sikuambii.

Mdogo wako, upande huu wa maji,
Furaha